Wingi na Usafi wa Maji ya Pangani ni Shauri Moja

Mto Pangani unapofika Korogwe, maji yake yamekwisha kupita mikono mingi. Kikuletwa umeyateremsha kutoka Meru na Kilimanjaro, Ruvu umeyaleta kutoka Kilimanjaro na Upare wa Kaskazini, yote yakakusanywa katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, ambako mashine za megawati 8 hufua umeme. Kisha mto hutawanyika katika kinamasi cha Kirua, hupokea Mkomazi na Luengera, na baadaye huingia katika mitambo miwili iliyo karibu karibu: Hale, megawati 21, uliozinduliwa 1964, na Maporomoko Mapya ya Pangani, megawati 68, wa mwaka 1995. Katika kipande hichohicho cha mto ndiko mradi wa HTM, uliojengwa miaka ya 1970, huchota maji ya kuwapelekea watu wa Handeni, wilaya kame isiyo na mto wa kutegemea mwaka mzima. Pembeni yamekaa mashamba ya mkonge. Kiangazi kikikaza, kila mmoja humtazama mwenzake kwa jicho la lawama. Anayelalamika kwamba maji ni machache hupewa mlango wake wa kubisha, na anayelalamika kwamba maji ni machafu huelekezwa mlango mwingine. Nadhani hapo ndipo ugomvi huu unapokosa suluhu, kwa kuwa wingi wa maji na usafi wake ni shauri moja lililokatwa vipande viwili.

Tuanze na mkonge. Jani la mkonge likipita katika korona, yaani mashine ya kuchambulia mkonge, hutoa singa ambayo ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Kilichobaki ni maji na makapi yenye tindikali na sukari, na vijidudu vinavyoyaozesha hula oksijeni iliyomo mtoni. Mto ukiwa umejaa, uchafu wa siku moja huzimuliwa na samaki hawadhuriki. Mto ukipungua nusu, uchafu uleule huwa mzito mara mbili, ingawa mwenye shamba hakuongeza hata ndoo moja. Hali kama hiyo iko kwenye mabwawa yenyewe. Maji yaliyotuama katika bwawa kubwa hutua tope, na hilo ni jema, lakini tabaka la chini huishiwa oksijeni na kuanza kuyeyusha madini ya chuma na manganizi yaliyo sakafuni. Kati ya ukuta wa bwawa na mahali mashine zinaporudisha maji mtoni hubaki kipande cha mto ambacho maji yake yamechepushwa handakini. Hapo huonekana miamba na madimbwi yanayopashwa joto na jua. Mbali zaidi, mjini Pangani, mto dhaifu hushindwa kuisukuma bahari, na chumvi hupanda juu hadi kwenye minazi na visima. Mwananchi wa huko huona tatizo la ladha ya maji, ilhali chanzo chake ni wingi uliopungua.

Sheria yetu haikatazi kuliona jambo hili kwa jicho moja. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya 2009, inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha mahitaji ya mazingira, halafu ndipo shughuli nyingine za uchumi. Tena Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ndiyo yenye mamlaka ya kutoa kibali cha kutumia maji na pia kibali cha kutiririsha majitaka. Kinachokosekana ni masharti ya karatasi hizo mbili kutajana: kwamba shamba litatiririsha kiasi hiki mto ukiwa na kina hiki, na kwamba mtambo utaacha kiasi kile mto ukishuka hadi pale. Marekani walibishana juu ya jambo hilihili. Jimbo la Washington lilitaka mradi wa umeme katika Mto Dosewallips uache kiwango cha chini cha maji kwa ajili ya samaki, na wenye mradi wakadai kwamba sheria ya usafi wa maji haihusiki na wingi. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliwakatalia, ikaona kuwa kuvitenganisha viwili hivyo ni kujitungia mpaka usiokuwapo, maana mto uliokaushwa hauwezi kutimiza kazi yoyote ambayo usafi wake ulilindwa kwa ajili yake.

Pingamizi zito zaidi ni la umeme. Wanaosema kila tone linaloachwa ni taa inayozimwa wana hoja, na hoja hiyo inapimika. Mita moja ya ujazo kwa sekunde, ikianguka Hale na tena Maporomoko Mapya, hutoa karibu megawati 2. Mita hiyohiyo, ikipelekwa bombani, ni lita milioni 86.4 kwa siku. Ukimpa kila mtu lita 50, inatosha watu zaidi ya milioni moja na nusu. Kwa hiyo mahitaji ya nyumbani ya Handeni na Korogwe pamoja ni sehemu ndogo sana ya mto, na kuyanyima kwa jina la umeme ni hesabu mbovu. Upande wa mazingira gharama ni kubwa zaidi, kwani maji ya kuachwa mtoni usiku na mchana ni mengi. Lakini hesabu ya taifa nayo imebadilika tangu Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilipoanza kazi huko Rufiji. Atakayejibu kwamba Tanga iko mbali na Rufiji na kwamba mtambo wa jirani huimarisha umeme wa eneo lake, anasema kweli. Hiyo ni sababu ya kuitunza Hale isichakae, ila si sababu ya kuzimiminia mashine zote kila tone siku ambazo mto uko hoi.

Wengine husema kuwabana watu wa Korogwe ni kuwaonea, kwa kuwa maji huishia juu, kwenye mifereji ya Arusha na Kilimanjaro. Ndiyo maana makubaliano lazima yaanzie Nyumba ya Mungu. Hale na Maporomoko Mapya yana mabwawa madogo yasiyoweza kuweka akiba ya msimu. Wanaoyaendesha hugawa kile tu kilicholetwa na mto. Akiba iko juu, nyuma ya ukuta mmoja, na lango lake ndilo linaloamua Januari ya Korogwe itakuwaje. Ningependa kuona kituo kimoja cha kupimia mto hapo Korogwe, kinachosomwa na mwakilishi wa mitambo, wa mamlaka ya maji, wa mashamba na wa jumuiya za watumia maji wakiwa pamoja, kina na oksijeni vikiandikwa katika daftari moja. Ningependa pia ukomo uwekwe kabla ya shida: mto ukifika alama fulani, umwagiliaji upungue; ukishuka zaidi, korona zipunguze zamu; ukishuka tena, mashine moja izimwe, na bomba la maji ya kunywa liguswe mwisho. Gharama ya vipimo hivyo ni ndogo mbele ya kesi na miradi ya kusafisha maji yaliyokwisha kuharibika. Na kwa kuwa maji yanayofunguliwa Nyumba ya Mungu huchukua siku kadhaa kuvuka Kirua hadi kufika darajani Korogwe, kikao cha kufungua lango hakiwezi kusubiri siku bomba la Handeni litakapokauka. Kiitishwe mvua za vuli zinapoisha, wakati bwawa bado lina cha kugawana.