Kutafuta Mahali Mtandao Unapopungua

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Arusha na Meru

Kiongozi wa darasa, hakikisha kila mmoja ana daftari na kalamu, maana leo tutaandika namba na kufanya hesabu.

Somo letu lahusu intaneti ya nyumbani inayopita katika waya. Wenye nyumba hulipa kila mwezi. Intaneti ikiwa nzito, wengine husema, "Kampuni inatuibia." Wengine hununua kifurushi kikubwa zaidi. Huenda wakatupa fedha zao bure. Yafaa kwanza kujua kasi inapotelea wapi.

Sisi tukaao chini ya Mlima Meru tunaujua mfereji. Maji yakifika shambani haba, hatusemi mara moja kwamba mto umekauka. Tunachukua jembe, tunafuata mfereji kutoka shambani kwenda juu, tukitazama palipobomoka au palipoziba. Intaneti nayo ni hivyo hivyo. Inatoka kwa kampuni, inaingia katika ruta, yaani kile kisanduku chenye taa. Kutoka kwenye ruta inapita katika waya mpaka kwenye kompyuta. Penye mahali pembamba pamoja, yote hupungua.

HATUA YA KWANZA: PIMA NA KUANDIKA

Tazama karatasi ya mkataba. Andika kasi unayolipia. Kasi huandikwa kwa herufi Mbps, yaani megabiti kwa sekunde. Kisha pima kasi kwa kompyuta moja tu iliyounganishwa kwa waya, vyombo vingine vikiwa vimezimwa. Pima asubuhi, adhuhuri, na saa 2 usiku. Andika kila namba na saa yake. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Jihadhari na jambo moja. Kompyuta inapopakua faili, mara nyingi huonyesha megabaiti, si megabiti. Megabaiti 1 ni megabiti 8. Kwa hiyo mwenye kifurushi cha megabiti 40 akiona megabaiti 5 kwa sekunde, hajaibiwa. 40 gawanya kwa 8 ni 5.

HATUA YA PILI: CHUNGUZA WAYA

Ndani ya waya wa mtandao mna nyuzi 8 za shaba, zimesokotwa mbili mbili. Zote zikiwa nzima, waya mzuri hupitisha megabiti 1000 kwa sekunde, kwa urefu usiozidi mita 100. Uzi mmoja ukikatika, huenda ruta na kompyuta zikatumia nyuzi 4 tu, na kasi ikashuka mpaka 100. Taa inaendelea kuwaka, na intaneti inaendelea kufika. Ndiyo sababu watu hawaushuku waya.

Tuseme familia moja ya Njiro inalipia megabiti 200. Kila wakipima, asubuhi na usiku, wanapata 94, haizidi. Namba hiyo ni dalili kubwa. Njia ya megabiti 100 hutoa kama 94 kwenye kipimo, kwa kuwa sehemu ndogo hutumika kubeba anwani za habari zenyewe. Familia hiyo hata ikilipia 500, itapata 94 ile ile.

Basi fuata waya wote kwa macho na mikono. Je, umebanwa na mlango? Umegugunwa na panya? Umepita nje juani ukapasuka? Ule ulimi wa plastiki wa plagi umevunjika, plagi ikalegea? Soma pia maandishi madogo juu ya waya. Ukiona Cat 5e au Cat 6, waya huo unafaa. Kisha azima waya mfupi ulio mzima, uweke mahali pa ule wa kwanza, upime tena. Namba ikipanda, umepata mgonjwa. Isipopanda, jaribu tundu jingine la ruta. Ruta nyingine za zamani zina matundu yasiyozidi megabiti 100.

HATUA YA TATU: RUTA NA KAMPUNI

Zima ruta, ngoja dakika moja, washa, upime. Ikiwa waya ni mzima na kasi bado ni ndogo, au asubuhi ni nzuri na usiku hushuka sana, pigia kampuni simu ukawasomee namba ulizoandika. Mwenye namba mkononi hasukumwi kwa maneno matupu.

Pengine kosa liko mbali kabisa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikawa nzito Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, kubadilisha waya wa nyumbani hakusaidii.

Onyo: uzi mwembamba wa kioo unaoletwa na kampuni usiukunje, wala usichungulie ncha yake. Mwanga wake waweza kudhuru macho. Hiyo ni kazi ya fundi.

MASWALI

1. Kifurushi ni megabiti 80. Je, ni megabaiti ngapi kwa sekunde?
2. Jirani analipia 300, hupata 94 daima. Utamshauri aanze kutazama nini?
3. Kwa nini tunapima zaidi ya mara moja?

Jibuni kwa maandishi, kisha msomeane. Kwaherini mpaka somo lijalo.