Kuhesabu Wanaoteremka: Ufuatiliaji wa Vifaranga vya Samaki Kwenye Mabwawa

1. Utangulizi

Shaba iliyosafishwa kwa umeme katika kiwanda cha Shituru, mjini Likasi, ni zao la mto kama ilivyo zao la mgodi. Mtambo wa Mwadingusha kwenye mto Lufira ulianza kazi mwaka 1930 ili kuvipatia nguvu viwanda vya Katanga. Ule wa Koni ulifuata chini yake mwaka 1950. Uwezo wa mitambo hiyo hutajwa kwa megawati. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kipimo kingine ambacho mto wenye ukuta hudai: hesabu ya samaki wachanga wanaoteremka. Tutaanza na mito ambako hesabu hiyo imekuzwa zaidi, kisha turudi Lufira.

2. Safari mbili

Samoni wa mito Columbia na Snake, huko Marekani, pamoja na trauti wa aina iendayo baharini, huzaliwa katika vijito vya milimani, huteremka wakiwa wadogo, hukulia baharini, kisha hurudi kuzaa. Mkubwa apandaye huonekana: hupita katika ngazi ya maji iliyojengwa kando ya ukuta, na huhesabiwa dirishani. Kifaranga ateremkaye, mwenye urefu wa kiganja, haonekani. Mbele ya ukuta ana njia tatu: milango ya kumwagia maji ya ziada, turbini (yaani magurudumu yanayozungushwa na maji), au mfereji wa kando. Vifaranga watokao Idaho hukabili kuta nane kabla ya kuiona bahari.

3. Namna ya kuhesabu

Katika kuta nyingi za mito hiyo, machujio makubwa huwekwa mbele ya turbini ili kuwaelekeza samaki kwenye mfereji wa kando. Humo sehemu yao hukamatwa, hulazwa kwa dawa itiwayo majini, hupimwa, hukaguliwa majeraha na magamba yaliyobanduka, kisha hurudishwa mtoni.

Tangu miaka ya 1980 hutumika pia alama ndogo ya kioo, yenye urefu wa milimita 12 hivi, idungwayo tumboni kwa sindano. Haina betri. Samaki apitapo kwenye koili ya waya, koili huipa alama nguvu, nayo hutoa namba yake ya pekee. Hivyo samaki mmoja hutambuliwa ukuta baada ya ukuta bila kushikwa tena.

4. Kutoonekana si kufa

Ugumu wa hesabu hii ni kwamba kifaranga asiyeonekana huenda amekufa, au huenda amepita njia nyingine akiwa hai. Tuchukue mfano wa kubuni. Vifaranga 1,000 wenye alama wanaachiwa. Ukuta wa kwanza unawatambua 400. Ukuta wa pili unawatambua 300, na kati yao 150 walikwisha kutambuliwa kwenye ule wa kwanza. Hao 300 wote walipita ukuta wa kwanza wakiwa hai, lakini nusu yao tu ndio walioonekana. Kwa hiyo, wale 400 nao ni nusu ya waliofika. Waliofika ni takriban 800, na waliopotea njiani ni 200, wala si 600. Kituo cha pili ndicho kinachokisahihisha kituo cha kwanza.

5. Neno lenyewe

Kiswahili kinalo neno linalobeba maana hii barabara. Kutokana na *fuata* tunapata *fuatia*, na kutokana na *fuatia* tunapata *fuatilia*. Kiambishi cha kutendea kimerudiwa, na kurudiwa huko kumeongeza maana ya kushikilia jambo hadi mwisho wake. *Kuhesabu* hufanyika mahali pamoja. *Kufuatilia* hudai angalau mahali pawili. Mfano wetu wa kuta mbili umo tayari ndani ya sarufi ya kitenzi. Vivyo hivyo *kifaranga cha samaki*, neno la wafugaji wa samaki, latosha kumtaja msafiri mchanga bila kukopa.

6. Lufira na Luapula

Lufira si Columbia. Mwadingusha ni mahali pa maporomoko makubwa, ambayo yaliwazuia samaki kupanda kabla ya ukuta wowote. Kwa hiyo ngazi ya samaki haingerudisha safari ambayo haikuwapo. Swali la Lufira ni la kuteremka: ni samaki wangapi watokao ziwa Tshangalele hupita mitambo wakiwa hai? Tena maji ya viwanda vya Likasi huifikia Lufira kwa kupitia mto Panda, juu ya ziwa. Anayehesabu mahali pamoja hataweza kutenganisha madhara ya maji hayo na yale ya mitambo.

Luapula yatoa onyo. Huko mpumbu walipanda kwa makundi majira ya mvua kwenda kuzaa, wakavuliwa kwa nyavu wakiwa na mayai tumboni. Kufikia miaka ya 1950 wingi ule ulikuwa umetoweka, wala hapakuwa na bwawa la kulaumiwa.

7. Hitimisho

Mvuvi hujua kupungua kwa samaki pale wavu unapotoka mtupu, yaani baada ya kizazi kizima kupotea. Hesabu ya vifaranga humpa habari hiyo mapema, wakati hatua bado yaweza kuchukuliwa. Ikiwa itafanywa Lufira, yafaa iandikwe kwa lugha ambayo mvuvi wa Tshangalele na fundi wa Shituru wataisoma pamoja. Maneno tunayo.