Mimea ya bustani zetu ilitoka wapi, na inatufundisha nini?



Tuangalie sahani moja hapa Kalima: sombe yenye mawese na kalanga, na muchele pembeni. Tunasema ni chakula cha babu zetu, na ni kweli. Lakini mimea yenyewe si yote iliyozaliwa hapa. Mihogo na kalanga asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno walifikisha mihogo kwenye pwani ya Kongo katika miaka ya 1500, halafu ikapita mkono kwa mkono, kijiji kwa kijiji, mpaka huku kwetu. Ndizi ilitoka Asia, zamani zaidi. Mpunga uliletwa Maniema na wafanyabiashara wa pwani katika nusu ya pili ya miaka ya 1800, wakati wa Nyangwe na Kasongo. Walikuja kutafuta pembe na watumwa, na Kiswahili tunachosema kilipita njia ileile. Mungazi ndio mwenyeji: asili yake ni hapa Afrika.

Kwa nini tunaandika historia katika gazeti la kilimo? Kwa sababu namna mmea ulivyosafiri ndiyo namna unavyozaa, na mara nyingi ugonjwa unapita njia hiyohiyo.

Mihogo ilisafiri kwa vijiti. Kijiti ni kipande cha mama yake: mama akiwa mgonjwa, mtoto naye anazaliwa mgonjwa. Ukiona majani yamejikunja na yako na madoadoa ya manjano, hiyo ni mozaiki. Usikate vijiti hapo, hata kama jirani anakupa bure. Chagua shina lenye majani mazuri mmea ukiwa bado umesimama, kabla ya kuvuna. Ukingoja mpaka majani yaanguke, hautajua tena mgonjwa ni yupi.

Ndizi nayo haina mbegu. Watu waliibeba kwa machipukizi, na leo ugonjwa wa mnyauko unabebwa na machipukizi hayo, na panga pia. Majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukikata mkungu ndani unatoa maji mazito ya manjano. Ukitoka kwenye mgomba mmoja kwenda mwingine, pitisha panga kwenye moto kwanza. Ua la chini la mkungu litolewe kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, mara tu tana la mwisho likionekana, kwa sababu wadudu wanaleta ugonjwa kupitia hapo.

Mpunga ulikuja kwa mbegu. Unajichavusha wenyewe, kwa hiyo mbegu yako inaweza kubaki safi misimu kadhaa. Pitia shamba kabla ya mavuno, chagua masuke mazito ya aina moja, yakaushe vizuri, uyaweke mbali na yale ya kula. Mahindi ni tofauti: upepo unachanganya chavua yako na ya jirani. Hapo chukua mbegu katikati ya shamba, si pembeni.

Kuna mmea mwingine tunaousahau kwa sababu hauingii kwenye sahani: rafia. Kwa nyuzi zake tunasuka vikapu na mikeka. Wazee Walega walitengeneza pia ndevu za vinyago vidogo vya mbao vinavyoitwa lukwakongo, vya chama cha bwami. Vinyago hivyo havikuwa mapambo tu. Vilionyeshwa pamoja na methali, na kila kimoja kilimfundisha mtu namna ya kuishi na wengine. Leo vingi viko mbali, kwa mfano katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Hatuwezi kuvirudisha kwa jembe, lakini rafia yenyewe bado iko katika mabonde yetu, na hiyo tunaweza kuichunga.

Shina la rafia linazaa mara moja tu, halafu linakufa. Likigemwa pombe wakati huo, linakufa bila kuacha mbegu. Nyuzi zinatoka kwenye jani changa ambalo halijafunguka. Ukikata yote, mti unadhoofika. Tuchukue jani moja, tuache linalofuata likue. Tuache miti fulani izae bila kuguswa, na tupande mbegu zake kando ya maji. Msusi wa kesho ataikuta.

Vijana wetu wengi wako kwenye mashimo ya kasiterite. Hatuwalaumu, pesa inatafutwa. Lakini siku shimo likiisha watarudi shambani, na watapanda kile watakachokuta. Wakikuta vijiti vigonjwa, njaa itawafuata nyumbani.

Kwa hiyo, katika mkutano ujao, kila mmoja alete jina la aina moja ya mihogo, mpunga au ndizi ya nyumbani kwake, na aseme alipewa na nani. Tuwaulize kwanza mama na bibi zetu, maana wao ndio wanaojua ipi inastahimili jua na ipi ni chungu. Katibu aandike yote katika kaye ya koperative: jina, shamba ilipo, na kama ni nzima. Msimu wa kupanda ukifika, tutajua mbegu nzuri iko kwa nani, kabla ya kwenda kununua mbali.