Babu, Lete Nikubonyezee

Bila shaka umekwisha kuyasikia maneno hayo nyumbani mwako. Ujumbe umeingia katika simu, mzee anatafuta miwani yake, na kabla hajaipata, mtoto wa darasa la nne ameinyakua simu, amesoma, amejibu na kuirudisha. Mzee hushukuru. "Watoto wa siku hizi wana akili za ajabu!" husema, kisha huitia simu mfukoni. Mwezi ujao atamwita mtoto yule yule tena, na mwaka ujao kadhalika.

Jambo hili si dogo kama lionekanavyo. Simu ya siku hizi si ya kupiga na kupokea tu. Hata ile ndogo ya vitufe ina kompyuta ndani yake, na tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, fedha za watu wa vijijini hupita humo: fedha za kahawa na mahindi, fedha aliyotuma kijana aliyeko mjini, fedha ya kumpeleka mama hospitali usiku. Asiyeweza kuufungua mlango huo mwenyewe hana budi kumpa mwingine ufunguo. Na wazee wengi wamekwisha kuutoa.

Kwanza tuwaondolee wazee aibu, maana wapo wanaodhani kwamba wao ni wajinga. Fikiri. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza mitambo hiyo nchini, na marufuku ile ilikaa miaka mingi. Simu za mkononi zilianza mwaka 1994, nazo mwanzoni zilikuwa za watu wachache wa mjini. Basi mtu aliyezaliwa mwaka 1960 alikuwa na miaka 14 mlango ulipofungwa, na 34 simu zilipoanza. Pengine alikuwa na wake na waume wa kuozesha kabla hajaishika simu yake ya kwanza. Angejifunzia wapi?

Labda utasema, "Mbona mtoto naye hakufundishwa na mtu?" Ni kweli, hakufundishwa. Mwaka 1999, katika mtaa wa Kalkaji, mjini New Delhi, Bwana Sugata Mitra alitoboa ukuta uliokuwa kati ya ofisi yao na makazi ya maskini, akaweka kompyuta katika tundu hilo, akaiacha. Hakuweka mwalimu. Watoto wa mtaani, ambao wengi wao hawakujua Kiingereza kilichoandikwa humo, walikuja, wakagusa, wakacheka, wakasukumana, na baada ya muda mfupi walikuwa wakiitumia na kuonyeshana. Wataalamu wamebishana sana juu ya kiasi walichojifunza, lakini kwamba walijifunza kwa kucheza hakuna abishaye.

Hapo ndipo ilipo siri. Mtoto hucheza. Akibonyeza pasipofaa, hucheka na kubonyeza pengine. Hana fedha humo, hana la kupoteza. Mzee hachezi, kwa sababu akikosea huenda ikapotea fedha ya mbolea. Kwa hiyo woga wake una msingi, wala tusimcheke. Ila yafaa ajue mahali pa kuogopa na mahali pasipo na hatari. Kufungua orodha ya huduma, kusoma yaliyomo, kurudi nyuma, kufunga: hayo yote hayaiharibu simu wala hayatoi fedha yake ya akiba. Fedha hutoka pale anapoiandika namba ya siri. Kabla ya hapo simu humwonyesha kiasi alichoandika na, mara nyingi, jina la mtu anayetumiwa. Hapo ndipo pa kusimama, kuvaa miwani, na kusoma polepole kama asomavyo hati ya shamba. Jina si lenyewe? Afunge simu, aanze upya kesho.

Kuna taabu nyingine ambayo watu wachache huifahamu, nayo ni taabu ya mkono. Kioo cha zile simu kubwa za kupapasa hakisikii nguvu ya kidole. Kina umeme wake mdogo sana, nacho husikia pale ngozi ya mwanadamu inapouvuta. Ngozi iliyokauka na kuwa sugu kwa miaka 40 ya jembe haiupitishi vizuri. Ndiyo sababu mzee hukandamiza kwa nguvu, kioo kimenyamaza; mjukuu hugusa kidogo tu, kimefunguka! Mzee hudhani simu yamkataa. La, kosa si lake. Alowanishe kidole kidogo na kukifuta, au apake mafuta, au agusie ubavu wa kidole palipo laini. Na kwa macho, mwambie mtoto afungue mahali pa mipangilio na kuyakuza maandishi. Kazi hiyo ni ya dakika moja, na huenda hakuna mtu aliyepata kumfanyia babu yake. (Ile simu ndogo ya vitufe, wengi huidharau, lakini kwa mkono wa mkulima ni chombo kizuri sana.)

Sasa tuje kwenye namba ya siri. Mzee akimpa mjukuu namba hiyo, sisemi mtoto ni mwizi. Lakini mtoto ni mtoto. Ataitaja kwa sauti mbele ya wakala na watu wamesimama foleni. Atamwambia rafiki yake kwa majivuno kwamba yeye ndiye mtunza fedha wa babu. Kisha siku moja fedha itapungua, na nyumba itagawanyika: mzee atamshuku mkwe, mkwe atamshuku shemeji, na mtoto atalia kwamba si yeye. Nani atajua ukweli? Kwa hiyo, baba na mama, ikiwa namba yenu inajulikana na wengine nyumbani, ibadilisheni wiki hii.

Hata hivyo usidhani kwamba mtoto anajua yote. Umewahi kuupata ule ujumbe wa matapeli usemao hela itumwe kwenye namba hii, wala mwenye kutuma hakujitaja jina? Kijana mwepesi wa vidole huenda akaituma upesi, akidhani ni mjomba. Mzee huuliza, "Hela ipi? Nani huyu? Mbona hakuniamkia?" Maswali hayo matatu yanaweza kuokoa fedha nyingi. Mtoto amejua vitufe, mzee amewajua watu.

Bwana Mitra mwenyewe aliliona jambo hilo. Baadaye alisema kwamba watoto husonga mbele zaidi wanapokuwa na mtu mzima nyuma yao anayefanya kama bibi: hajui kompyuta, ila hutazama, hustaajabu, huuliza, "Umefanyaje hapo? Nionyeshe tena." Mwaka 2009 akaanza kuwaomba akina bibi wa Uingereza wazungumze na watoto wa India kwa njia ya kompyuta. Basi bibi anayeuliza-uliza hamchoshi mtoto. Anamfundisha, naye anajifunza.

Na umri usiwe kisingizio. Mwaka 2004, huko Eldoret, Kenya, Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo akiwa na miaka 84, akakaa dawati moja na watoto wa rika la vitukuu vyake. Alitaka kusoma Biblia kwa macho yake mwenyewe na kuhesabu fedha zake mwenyewe. Watoto wangeweza kumsomea, naye hakutaka kusomewa.

Neno la mwisho ni lako, mtoto unayewasomea wakubwa gazeti hili. Babu akikuita usiku wa leo, usiipokee simu. Keti karibu naye, mikono yako uikalie, umwambie kwa mdomo: bonyeza hapa, babu; sasa soma; sasa shuka chini. Atakawia. Atarudi mwanzo mara tatu, na wewe utatamani sana kuinyakua. Usiinyakue. Afikapo kwenye namba ya siri, geuza uso wako utazame ukutani mpaka amalize.