Kwa Nini Vitongoji vya Pembezoni mwa Mji Havikui kwa Kasi Moja

Mtu anayesimama juu ya kilima kinachoutazama mji wa Kasulu au wa Kibondo huona kwamba mji haupanuki kama mduara. Hutoa vidole. Kidole kimoja hufuata barabara kuu, kikiwa na maduka, gereji na nyumba za kupangisha. Kati ya kidole na kidole hubaki migomba, mashamba ya mihogo na maharage, na nyumba chache zilizotawanyika, ingawa baadhi ya sehemu hizo ziko karibu zaidi na soko kuliko nyumba za mwisho za barabarani.

Ni rahisi kwa wakazi wa sehemu hizo kudhani kwamba wamesahauliwa, na ni rahisi kwa wengine kudhani kwamba watu wa huko hawajitumi. Dhana zote mbili huficha sababu halisi. Makala haya yanaeleza sababu hizo, na kwa nini kitongoji kilichochelewa bado kina nafasi ambayo kilichotangulia kimekwisha kuipoteza.

Mpangilio ulioachwa na Operesheni Vijiji

Mkoa wa Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kutekeleza uhamishaji wa watu kwenda vijijini, kazi iliyoanza hapa mwaka 1972. Familia zilizokuwa zikiishi zimetawanyika juu ya migongo ya vilima zilikusanywa katika vijiji, na mara nyingi nyumba zilipangwa kwa mistari kandokando ya barabara, mashamba yakabaki nyuma.

Mpangilio huo unaonekana hadi leo. Mstari wa mbele ulipata njia ya gari tangu mwanzo. Eneo la nyuma lilikuwa shamba, na shamba halihitaji barabara; linahitaji njia ya mtu mwenye jembe na mzigo wa kichwani. Watoto walipokua na kujenga katika mashamba ya wazazi wao, njia ile ya jembe ndiyo iliyogeuka kuwa barabara ya kitongoji. Hivyo nyumba iliyo mita mia tatu kutoka barabara kuu inaweza kuwa mbali kihuduma kuliko nyumba iliyo kilomita tatu nje ya mji.

Barabara hupanga gharama za ujenzi

Anayejenga nyumba huhesabu saruji, mabati, mchanga na matofali, kisha huhesabu gharama ya kuvifikisha. Pale lori linapofika hadi kwenye msingi, hesabu huishia hapo. Pale linaposimama ng'ambo ya bonde kwa sababu ya utelezi wa masika, kila mfuko hulipiwa mara ya pili, kwa bodaboda au kwa mabega ya vijana. Kwa tofauti hiyo peke yake, mwalimu au muuguzi anayetafuta kiwanja huchagua kitongoji kingine, na mwenye duka humfuata mteja wake.

Ndiyo maana mradi wa barabara ya lami kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa takriban kilomita 260, unagusa maeneo kwa viwango tofauti. Barabara kuu kama hiyo husimamiwa na TANROADS, ilhali barabara za wilaya, zikiwamo zinazoingia ndani ya kata, ziko chini ya TARURA. Lami hupandisha thamani ya ardhi iliyo kando yake mara moja. Kitongoji cha nyuma hunufaika pale tu kinapokuwa na njia ya gari inayokiunganisha na lami hiyo.

Hata walio kando ya barabara wanapaswa kuwa waangalifu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 pamoja na kanuni zake huweka hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Anayejenga kibanda cha biashara ndani ya mita hizo hajengi juu ya ardhi yake.

Maji hufuata mteremko, umeme hufuata transfoma

Nyanda za juu za Kigoma zina chemchemi nyingi, lakini watu wengi hukaa juu ya migongo na chemchemi ziko chini mabondeni. Mradi wa maji ya mserereko hauhitaji mashine: maji hutoka kwenye chanzo kilicho juu, huingia katika tenki na kushuka hadi kwenye vituo vya kuchotea. Mradi huo huhudumia tu makazi yaliyo chini ya tenki. Kitongoji kilicho juu yake kinahitaji pampu, pampu inahitaji umeme au mafuta au nguvu ya jua, na mtambo unahitaji michango ya watumiaji ili usisimame. Vitongoji viwili vinavyotazamana vinaweza, kwa sababu ya mwinuko tu, kuwa na gharama za maji zisizolingana kabisa. Tangu mwaka 2019 huduma ya maji vijijini imo mikononi mwa RUWASA.

Umeme nao una mipaka yake. Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea majenereta ya dizeli kabla ya kufikiwa na gridi ya Taifa. Lakini laini kubwa inayopita juu ya kitongoji haiwashi taa ndani ya nyumba. Panahitajika transfoma, na transfoma hulisha nyumba zilizo katika umbali fulani tu. Kadiri waya unavyorefuka, ndivyo umeme unavyopungua nguvu. Nyumba zilizotawanyika humaanisha nguzo nyingi kwa wateja wachache, na kwa hiyo zamu yao huchelewa.

Mpaka kati ya kijiji na mji

Sababu nyingine haionekani kwa macho, nayo ni mpaka wa kiutawala. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Januari 2022, mteja wa mjini aliye ndani ya mita 30 na asiyehitaji nguzo alitakiwa kulipa shilingi 320,960 kuunganishiwa umeme wa njia moja, ilhali wa kijijini alilipa shilingi 27,000. Majirani wawili waliotenganishwa na kijito wangeweza kujikuta katika pande mbili za hesabu hiyo.

Katika ardhi mpaka huo una uzito zaidi. Ardhi ya kijiji husimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya Kijiji haiwezi kuigawa bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Eneo la mji hufuata Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huohuo pamoja na michoro ya mipangomiji. Kijiji kinachomezwa na mji huishi kwa muda kati ya taratibu hizo mbili. Mnunuzi makini husita, akihofia kuuziwa shamba lenye mgogoro. Asiye makini hununua kwa karatasi iliyoandikwa uani, na miaka michache baadaye warithi ambao hawakushirikishwa hufika na madai yao.

Kukua haraka si lazima kukua vema

Kibondo inafahamu ukuaji wa ghafla. Wilaya ilipokea wakimbizi wengi kutoka Burundi tangu mwaka 1993, na kambi ya Nduta, iliyokuwa imefungwa, ilifunguliwa tena mwaka 2015. Mashirika yanapokuja, hutafuta ofisi, nyumba na maghala. Yanapopunguza shughuli, mahitaji hayo hupungua pia. Mtaa uliojengwa kwa kutegemea mpangaji wa aina moja hujua ubaya wa mpangaji huyo kuondoka.

Zaidi ya hapo, kitongoji kilichojaa bila ramani hubeba mzigo wa kudumu. Gari la kubeba mgonjwa halipiti, bomba halina pa kulazwa, na eneo la kujenga darasa jipya halipo tena. Barabara ikija kufunguliwa kati ya nyumba zilizokwisha kujengwa, nyumba hubomolewa na fidia hulipwa. Fedha ambazo zingetengeneza kalavati huishia kwenye fidia.

Nafasi ya kitongoji kilichochelewa

Hapo ndipo kitongoji cha nyuma kinapopata faida yake: ardhi yake bado iko wazi. Hesabu ifuatayo inaonyesha maana ya jambo hilo. Barabara ya ndani yenye urefu wa mita 200 na upana wa mita 8 inaweza kupakana na viwanja 16, vinane kila upande, kila kimoja kikiwa na mita 25 za mbele. Kila mwenye kiwanja akiachia mita 4, anatoa mita za mraba 100, yaani eneo la hatua kumi kwa kumi hivi. Kwa hatua hizo viwanja vyote 16 vinapata njia ya gari, mahali pa kupitisha bomba na nguzo, na thamani ambavyo havikuwa nayo. Miaka kumi baadaye, kazi hiyohiyo itahitaji kubomoa.

Makubaliano ya namna hiyo hayasubiri bajeti. Huanzia katika Mkutano Mkuu wa Kijiji au mkutano wa mtaa, ambako wakazi wanaweza kuhoji mambo manne: njia zipi zitaachwa wazi na kwa upana gani, eneo lipi litatengwa kwa shule, zahanati na soko, chanzo kipi cha maji kitalindwa dhidi ya kilimo na ujenzi, na familia zipi bado hazijagawana urithi ili zifanye hivyo kabla ya kuuza. Yaliyokubaliwa yaandikwe katika muhtasari, na Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa ayafikishe kwa Mtendaji wa Kata na kwa wataalamu wa ardhi na mipangomiji wa Halmashauri, ili upimaji utakapofika ukute njia zimekwisha kuachwa.

Mwinuko wa kilima haubadilishwi kwa mkutano, wala hakuna kitongoji kinachoweza kujisogeza karibu na lami. Upana wa njia, hata hivyo, huamuliwa na wenye mashamba wenyewe, na huamuliwa kwa urahisi zaidi kabla msingi wa kwanza haujachimbwa.