Wale ni Sisi: Thamani ya Bunilizi ya Kisayansi katika Vitabu na Filamu

Utangulizi

Mpenzi wa bunilizi ya kisayansi katika idara ya Kiswahili ni mtu mpweke. Nilipowadokezea wenzangu wa uzamili kwamba ningependa kuutafiti utanzu huu, mmoja wao aliniuliza, huku akicheka, iwapo nimechoka kuwasoma binadamu hata nikaamua kuwatafuta watu wa Mirihi. Swali hilo lilinikera, kisha likanifaa. Makala haya ni jibu langu kwake. Hoja yangu ni kwamba mwandishi bora wa utanzu huu hututoa kwetu ili atuonyeshe kwetu.

Maana ya Bunilizi ya Kisayansi

Kwa ufupi, hii ni kazi ambayo tukio lake kuu halijawezekana katika dunia tuijuayo, lakini mwandishi analijengea misingi ya kisayansi badala ya uchawi au muujiza. Jini wa ngano hutoka chupani na hakuna amwulizaye alikotoka. Kiumbe wa Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818, anatoka mikononi mwa mwanafunzi wa sayansi aliyekesha akimuunda. Tofauti hiyo si ndogo. Kiumbe huyo ana muumba aliyemkimbia mara tu alipofumbua macho, na kwa hiyo riwaya inaweza kuuliza swali ambalo ngano ya jini haiulizi: ni nani atakayewajibikia tulichokiunda?

Wells na Kioo cha Ukoloni

Tuchukue mfano wa The War of the Worlds ya H. G. Wells, iliyochapishwa kama kitabu mwaka 1898. Viumbe kutoka Mirihi wanatua karibu na mji wa Woking nchini Uingereza, wakiwa na miali ya joto na moshi wa sumu, na jeshi la dola kuu ya enzi hiyo linasambaratika kwa muda wa siku chache. Mapema katika sura ya kwanza, msimulizi anamwonya msomaji asiharakishe kuwahukumu wavamizi hao, kwani Wazungu wenyewe waliwaangamiza wenyeji wa Tasmania katika kipindi cha miaka hamsini. Kauli yake ina kasoro: anawataja wenyeji hao kwa dharau ya wakati wake, na wazao wao wangali hai hadi leo. Hata hivyo, kioo kimekwisha kuinuliwa, na Mwingereza anaonjeshwa alichowapikia wengine.

Msomaji wa Kenya ana sababu ya ziada ya kutua hapa. Mwaka 1895, miaka mitatu kabla ya kitabu hicho, Uingereza ilikuwa imetangaza himaya yake Afrika Mashariki. Masimulizi ya Agikuyu yanamkumbuka Mugo wa Kibiro, mtabiri aliyebashiri ujio wa wageni na nyoka wa chuma. Ujenzi wa nyoka huyo, yaani reli, ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Kwa hivyo, jambo ambalo Wells aliwabunia Waingereza, babu zetu walikuwa wakiliishi.

Filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 2005 inakihamishia kisa hiki Marekani. Ni filamu ya kutisha kwelikweli; ngurumo ya zile mashine za miguu mitatu humbakia mtazamaji masikioni. Lakini Tasmania haimo. Kuna kidokezo kimoja tu: mwana wa mhusika mkuu ana kazi ya shule kuhusu utawala wa Ufaransa nchini Algeria, kisha jambo hilo linamezwa na mbio za baba anayewaokoa wanawe. Filamu imeihifadhi mashine na kuliacha swali. Kwa maoni yangu, huu ndio udhaifu wa filamu nyingi za aina hii: kamera hupenda kinachoonekana, nayo aibu ya kihistoria haionekani kwa urahisi.

Lugha Mbele ya Mgeni

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba filamu hushindwa daima. Arrival, filamu ya Denis Villeneuve ya mwaka 2016, imetokana na hadithi ya Ted Chiang iitwayo Story of Your Life (1998). Shujaa wake habebi bunduki. Ni Louise Banks, mwanaisimu anayeitwa kuwasiliana na viumbe wa miguu saba ambao maandishi yao hayana mwanzo wala mwisho. Anaanza kama aanzavyo mtafiti yeyote nyanjani: anajielekezea kidole na kujitaja. Kadiri anavyoimudu lugha yao, ndivyo anavyoanza kuuona wakati kama waonavyo wao, yaliyopita na yajayo kwa pamoja.

Filamu imeongeza jambo ambalo kila mfasiri atalitambua. Wageni wanatumia neno linaloeleweka kama "silaha", na mataifa yanakaribia kuingia vitani, kumbe huenda walikusudia "chombo" au "zawadi". Hapa filamu imeizidi hadithi. Lakini katika suala la binti yake Louise, hadithi ni nzito zaidi. Katika filamu, binti anafariki kwa ugonjwa. Katika hadithi, anafariki kwa ajali akikwea mlima, akiwa na miaka 25. Ugonjwa hauzuiliki kwa neno la mama. Ajali je? Chiang anatuacha na mama ajuaye yatakayotokea na ambaye hasemi lolote, nasi tunabaki tukijiuliza iwapo mwenye kuyajua yajayo angali huru kuyabadilisha.

Utanzu Huu Kwetu

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya ugenini. Ukweli ni kwamba Kiswahili kina ghala lake. Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, alichapisha Walenisi mwaka 1995. Dzombo, mhusika wake mkuu, anahukumiwa kifo kwa kurushwa angani ndani ya chombo. Badala ya kuangamia, anafika katika sayari yenye jamii ya watu walio sawa. Jina la sayari hiyo ni ufunguo wa riwaya: wale ni sisi. Aidha, mwaka 2009 Wanuri Kahiu alitoa Pumzi, filamu fupi ya Kenya kuhusu dunia iliyokaukiwa na maji, ambako jasho la mtu husafishwa ili alinywe tena. Asha, mhusika wake mkuu, anaondoka katika usalama wa makao ya chini ya ulinzi ili akapande mche mmoja jangwani. Yeyote aliyewahi kupanga mitungi kwenye foleni ya maji hahitaji kuelezwa kwamba hadithi hiyo inamhusu.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba Shelley anauliza kuhusu uwajibikaji, Wells kuhusu dhuluma, Chiang kuhusu lugha na hiari, naye Mkangi kuhusu haki. Haya ndiyo maswali tunayoyauliza kila siku tunapochambua riwaya na tamthilia zetu. Nawasihi wasomaji wakisome kitabu kabla ya kuitazama filamu yake, kisha wajiulize ni swali lipi limepotea njiani na ni lipi limezaliwa. Nawasihi pia waandishi chipukizi wa Kiswahili wasiuogope utanzu huu. Ama kwa mwenzangu aliyenicheka, nakala yangu ya Walenisi iko tayari kumwazima, kwa sharti kwamba airejeshe.