Koo la Mtoto na Moyo Wake

Kazi yangu ni ukarani wa parokia. Naandika vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya maziko. Siku moja nililazimika kuandika katika kitabu cha maziko jina la binti wa miaka 14. Binti huyo nilimfahamu vizuri. Alikuwa hodari wa kukimbia, na katika michezo ya shule hakuna aliyemshika.

Kisha alianza kuhema akipanda kilima cha kanisa. Miguu ikavimba. Usiku hakuweza kulala chali, akawa analala ameketi. Wengine walisema ni uvivu wa kukwepa jembe, wengine wakasema karogwa. Alipofikishwa hospitali, daktari alimwuliza mama yake swali lililotushangaza sote: "Mama, mtoto huyu aliwahi kuumwa koo, halafu magoti yakavimba?" Mama akakumbuka. Naam, ilikuwa hivyo, miaka mitatu nyuma. Lakini magoti yalipona, naye akasahau.

Je, koo na moyo vina udugu gani? Nimejitahidi kuuliza na kusoma, na leo nawaletea niliyoyapata.

UGONJWA UANZIAO KOONI

Mara nyingi koo la mtoto huuma kwa sababu ya mafua tu, nalo hupona lenyewe. Lakini wakati mwingine huumizwa na vidudu viitwavyo streptokoki. Mwili huunda askari wake ili kupigana na vidudu hivyo. Ajabu ni kwamba, katika watoto wengine, askari hao hukosea adui: wakiisha kuvishinda vidudu, wanaugeukia mwili wenyewe. Majuma mawili au matatu baadaye homa hurudi. Magoti na vifundo vya miguu huvimba na kuuma, maumivu yakihama kutoka kiungo kimoja kwenda kingine. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi.

Viungo hupona. Hatari imo moyoni. Moyo ni kama pampu yenye milango minne, nayo huipitisha damu upande mmoja tu. Homa hiyo huiachia milango makovu. Ikirudi mara ya pili na ya tatu, milango hukunjamana, ikawa haifungi sawasawa au haifunguki vema. Damu hurudi nyuma, moyo hufanya kazi maradufu, na mwisho huchoka. Wanawake wengine hawajui kabisa kwamba wanao ugonjwa huu mpaka wapatapo mimba, maana mimba huuongezea moyo mzigo.

Zamani ugonjwa huu uliua watoto wengi hata Ulaya na Marekani. Huko umepungua sana kwa sababu watu walipata nyumba zisizosongamana na dawa ya penisilini. Kwetu sisi bado upo. Duniani wanao zaidi ya watu milioni 40, na walio wengi ni wa nchi maskini.

SWALI LILILOWASUMBUA WAGANGA

Tangu miaka ya 1950 waganga wamejua kwamba mtu aliyekwisha kupata homa hiyo yafaa achomwe sindano ya penisilini kila baada ya majuma matatu au manne, ili isimrudie. Hapo hapakuwa na ubishi. Lakini baadaye kilipatikana chombo cha kupiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Chombo hicho kikaonyesha jambo jipya: wako watoto wanaocheza na kukimbia, wasiolalamika lolote, na kumbe milango ya mioyo yao imekwisha kupata alama ndogo.

Hao watendewe nini? Sindano yenyewe yauma sana, na mara chache penisilini huweza kumletea mtu madhara makubwa ya ghafula. Ikiwa alama ile itapona yenyewe, kwa nini kumtesa mtoto kila mwezi? Na ikiwa haitapona, nani atathubutu kumwacha? Daktari huyu alisema hivi na yule vile. Hapana budi jambo lipimwe.

KAZI ILIYOFANYWA UGANDA

Upimaji huo ulifanyika kwa jirani zetu, Uganda ya kaskazini, upande wa Gulu. Ulianza mwaka 2018, ukiongozwa na Daktari Emmy Okello wa Taasisi ya Moyo ya Uganda na Daktari Andrea Beaton wa Marekani, pamoja na wenzao wengi. Watoto 102,200 walipigwa picha ya moyo. Hesabu hiyo si mchezo! Katika wale walioonekana na alama ndogo, watoto 818 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 waliingizwa katika uchunguzi kwa idhini ya wazazi wao.

Ndipo ikapigwa kura. Nusu yao walichomwa penisilini kila majuma manne kwa muda wa miaka miwili. Nusu ya pili hawakuchomwa.

Najua mzazi ataniuliza: "Karani, ni haki gani hiyo, kumpa mtoto huyu dawa na kumnyima mwenziwe?" Mimi pia niliuliza hivyo. Jibu ni hili: wakati ule hakuna aliyejua kama sindano ingewafaa watoto wa namna hiyo au ingewaumiza bure. Kura haipendelei mtoto wa tajiri wala wa maskini, mwenye afya wala dhaifu. Kama daktari angechagua mwenyewe, pengine angewapa dawa walio wagonjwa zaidi, na mwishoni tusingejua ni dawa iliyofanya kazi au ni hali zao zilizotofautiana. Tena waliosoma picha za mwisho hawakuambiwa nani alichomwa na nani hakuchomwa, ili macho yao yasivutwe na matumaini.

Matokeo yalitangazwa Novemba 2021. Watoto 799 walifika mwisho wa uchunguzi, karibu 400 kila upande. Kati ya waliochomwa, watoto 3 tu moyo ulizidi kuharibika. Kati ya wasiochomwa, walikuwa 33. Tatu kwa thelathini na tatu! Mtoto mmoja alipata mzio mdogo kwa sababu ya dawa.

Tuseme ukweli wote: wengi wa wasiochomwa hawakuzidiwa katika miaka ile miwili. Wala sindano haiufanyi upya mlango uliokwisha kuharibika. Kazi yake ni kuzuia shambulio jipya. Lakini sasa daktari akimwona mtoto mwenye alama ile, ana jambo la hakika la kumwambia mama yake. Hakika hiyo tumepewa na watoto wa Uganda.

YATUPASAYO SISI WAZAZI

Kwanza, mtoto akiumwa koo pamoja na homa, mpeleke zahanati. Akipewa dawa, aimalize yote, hata kama koo limepona siku ya tatu.

Pili, viungo vikivimba na maumivu yakahamahama, usingoje yaishe. Mwambie mganga pia kama koo liliuma majuma yaliyopita.

Tatu, mtoto aliyeandikiwa sindano za kila mwezi asikose tarehe yake. Kuonekana mzima si sababu ya kuacha. Sindano ndiyo inayolinda uzima huo.

Nne, mama mjamzito anayehema kupita kiasi asinyamaze. Amweleze mkunga mapema.

Tano, wakija watafiti kuomba idhini yako, usikimbie, wala usitie sahihi kabla hujaelewa. Uliza watafanya nini, kwa muda gani, na kuna hatari gani. Unayo haki ya kukataa, na hata ukiisha kukubali unayo haki ya kumtoa mtoto wako.

Mama wa binti yule anaye mtoto mwingine wa kiume. Mwaka jana magoti yake yalivimba. Safari hii hakungoja. Alimbeba siku ile ile mpaka hospitali. Sasa kijana anachomwa kila majuma manne, na mama huja ofisini kwangu na kadi yake. "Mwalimu," huniambia, "niandikie tarehe kwa herufi kubwa, hata mtoto aweze kuisoma." Nami humwandikia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ugonjwa huu huonekana kooni na magotini. Tuuzibe wakati ungali mdogo.